Asilimia Moja

Omsk, Januari. Mto Irtishi umeganda hata malori yanaupita kwa miguu yao,
nami nimeketi mbele ya tanuri nikihesabu nyuzi:
moja kwa dakika. Si mbili.
Oksidi ya molibdeni, unga mweupe wenye umanjano wa mbali,
gramu mbili na nusu,
imelala ndani ya mrija wa kwatzi, juu ya sufi ya kioo.
Methani sehemu moja, haidrojeni sehemu nne.
Huyu anatoa, yule anatia:
haidrojeni inang'oa oksijeni,
methani inapenyeza kaboni mahali palipoachwa wazi.
Ukiukoleza moto, kaboni hukosa adabu,
hujirundika juu kama masizi ya sufuria,
na kichocheo hufa
kabla hakijafanya kazi hata siku moja.

Saa nane za usiku, nyuzi mia nne na hamsini.
Ncha ya mrija iliyo baridi inatoa matone.
Napenda saa hii.
Maji yale ni oksijeni inayohama,
inafunga mizigo bila kugombana na mtu.

Jumanne hatukufika hapa salama.
Lavrenti, fundi wa zamu, alifungua mrija mapema.
"Umepoa, Zulfia Rinatovna," alisema,
na kipimo kilimuunga mkono: nyuzi ishirini na mbili.
Lakini kupoa si kuzoea.
Unga ule haukuwa umewahi kuonana na hewa.
Cheche ilianza ukingoni, nyekundu, bila sauti,
ikatambaa kama siafu,
na kazi ya siku tatu ikarudi kuwa oksidi
kiganjani mwake.
Hakupiga kelele. Alifungua dirisha,
akauchomeka mkono kwenye theluji ya kizingiti.
Mimi nikaandika daftarini: umeungua.
Sikuandika nani.

Baba yangu aliendesha basi miaka ishirini na sita.
Majira ya baridi injini hazikuzimwa,
maana zikizimwa, asubuhi haziamki;
usiku kucha karakana ilinguruma
na theluji ya ua ikawa na rangi ya chai.
Mama alikuwa akifua leso zake peke yake, kando na nguo zetu.
Daktari aliuliza kuhusu sigara.
Baba hakuwahi kuvuta hata moja,
ila alijibu, "Kidogo,"
kwa kuwa daktari alikuwa kijana na alionekana amechoka.

Siwezi kusema ilikuwa salfa. Mizani yangu haipimi hayo.
Ninachojua ni kwamba kwenye dizeli
imekaa katikati ya pete mbili za kaboni,
imekumbatiwa huku na huku,
na kichocheo cha zamani kinaizunguka, kinaizunguka,
hakipati pa kuishika.
Kabidi hii inapata. Wakati mwingine.
Mwezi uliopita tuliingiza sehemu mia tano katika milioni,
zikatoka arobaini na moja.
Karatasi ya risasi ilipiga weusi mdomoni mwa bomba,
Lavrenti akanusa, akasema mayai viza,
akacheka mpaka miwani ikaanguka.
Sheria inataka kumi.

Mia saba. Nashikilia saa mbili.
Kisha nazima, nageuza gesi kuwa argoni,
na tunangoja kupambazuke, ingawa hapa hupambazuka saa tatu.

Sasa oksijeni. Asilimia moja tu,
iliyochanganywa na argoni, mchirizi mwembamba.
Mgeni akivamia, nyumba huwaka;
akibisha hodi, akangoja, akaingiza unyayo mmoja,
ngozi nyembamba hujifunga juu ya kila chembe
na ndani hubaki salama.
Lavrenti amefunga bendeji mkono wa kulia.
Anaizungusha koki kwa wa kushoto, midomo inahesabu.
"Hodi," namwambia, kwa Kitatari cha nyanyangu.
Hajui neno hilo. Anasimamisha mkono,
anangoja.